Kuta za muda za maonyesho Kigoma: ununue au umpe fundi kazi?

Iwe ni makumbusho ya Ujiji au ukumbi wa shule, ukuta wa muda unatakiwa usimame bila kutoboa jengo, ubebe picha kwa usalama, na ukiharibika utengenezeke hapahapa. Hilo la mwisho ndilo limetuongoza kupanga orodha hii.

1. Fremu ya mbao na plaiwudi, kwa fundi seremala

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Paneli moja ya futi 4 kwa 8 inakula mbao 3 za inchi mbili kwa mbili, za futi 12. Mbao mbili za kwanza, kila moja itoe wima (mbao ya kusimama) wa inchi 96 na mkingamo (mbao ya kulala kati ya wima mbili) wa inchi 44. Ya tatu itoe mikingamo 3. Hapo una wima 2 na mikingamo 5. Mbao iliyopigwa randa hupungua unene, kwa hiyo pima upya mikingamo kabla ya kukata.

Chagua paini iliyokauka. Inua ncha moja, fumba jicho, angalia ubavu wote kama mtu anayelenga shabaha. Ikiwa imepinda, irudishe. Mninga wa Tabora uache kwa samani: ni mzito, na uzuri wake si wa kufunikwa rangi.

Funga plaiwudi ya milimita 12 kwa skrubu za inchi moja na nusu, kila sentimita 20. Paneli itakuwa na kilo 33 hivi, mzigo wa watu wawili. Weka alama ya penseli nyuma ilipo mikingamo: kitu kizito kifungwe hapo, si kwenye plaiwudi tupu.

Paka rangi ya maji pande zote mbili. Ukipaka mbele tu, nyuma itanyonya unyevu wa msimu wa mvua na bodi itapinda kama upinde. Kisha subiri wiki 3 au 4 madirisha yakiwa wazi. Rangi mbichi na mbao hutoa mvuke unaochakaza karatasi za zamani na kufubaza metali. Haraka ya siku ya ufunguzi ndiyo huharibu vitu ambavyo havina mbadala.

Paneli usizipange kwa mstari mnyoofu. Ziunganishe kwa pembe, zikienda mbele na nyuma, kwa bawaba 3 za kuchomoa pini kila kiungo. Paneli za mwisho zipewe mguu wa mbili kwa nne unaotokeza sentimita 80 nyuma, juu yake mfuko wa mchanga wa kilo 25. Kuta nyingi huanguka kwa sababu fedha yote iliishia kwenye bodi na miguu ikasahaulika.

2. Fremu ileile, kitambaa cha marikani

Ni nyepesi na rahisi, inafaa maandishi na picha zisizo na vioo. Tena marikani ina maana yake hapa: ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika misafara ya biashara ya Ujiji na Unyanyembe, eneo la Tabora. Ifue kwanza isije ikanywea, kisha ivute kuanzia katikati kuelekea kona.

3. Seti ya alumini ya kununua

Inunue kama maonyesho yanasafiri, mwezi huu Kasulu, ujao Tabora. Hufungwa upesi na haina shida ya mchwa. Tatizo ni vile vifungio vidogo: kimoja kikipotea, paneli mbili hazishikani. Kabla ya kulipa, dai vifungio vya akiba na uzito ambao kila paneli inabeba, kwa maandishi.

4. MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na jipsamu

Tusingenunua. Bodi moja ya MDF ya milimita 18 ina kilo 40 hivi, ukingo wake huvimba kwa maji ya kudekia, na skrubu ya ubavuni huupasua. Jipsamu hubomoka kona ukiihamisha mara ya pili.

Chochote utakachochagua, andika namba nyuma ya kila paneli na uhifadhi zikiwa zimesimama juu ya matofali, shubiri moja mbali na ukuta, ili ufagio upite na njia ya mchwa ionekane mapema.