Medicaid au CHIP: mtoto wako Marekani ataangukia wapi?

Zote mbili ni bima za afya za serikali kwa familia zenye kipato kidogo, na huchagui wewe. Unajaza ombi moja, mwezi wowote wa mwaka, na jimbo linaangalia kipato na idadi ya watu nyumbani, kisha linampanga mtoto.

Medicaid ni ya kipato cha chini zaidi. Kwa kawaida mtoto hatozwi kitu, na tiba yoyote anayoihitaji kiafya kabla ya kufikisha miaka 21, yakiwemo meno na miwani, lazima igharimiwe.

CHIP, iliyoanzishwa 1997, huwachukua waliozidi kidogo kiwango hicho cha kipato. Inakoma akitimiza miaka 19. Baadhi ya majimbo hutoza ada ya mwezi na malipo madogo kwa daktari, ila jumla haivuki asilimia 5 ya kipato cha familia. Chanjo na kliniki ya kawaida ya kufuatilia ukuaji wa mtoto ni bure. Jina lisikuchanganye: New York wanaiita Child Health Plus.

Zote mbili humlinda mtoto miezi 12 mfululizo hata mshahara ukipanda katikati. Balaa huja wakati wa kuhuisha bima: umehama, barua imekwenda anwani ya zamani, hukujibu, bima imekatwa. Ukihama, lijulishe jimbo wiki hiyohiyo.