Darasa la Zoom la parasha ya wiki: linafaa, ila soma Biblia yako kwanza

Kuna watu wameniuliza inbox kuhusu hili darasa la Torati ninalofuatilia, naandika hapa mara moja niache kurudiarudia. Mwalimu ni rabi wa Kihasidi (Uhasidi ni tawi la dini ya Kiyahudi), yuko Brooklyn, New York, ni bure, mwishoni wanaomba mchango ila usipotoa hakuna anayekusumbua.

Kwa asiyejua, Wayahudi wamegawa vitabu vitano vya Musa sehemu 54, wanazisoma sinagogi mwaka mzima, wakifika sikukuu ya Simchat Torah wanamaliza Kumbukumbu la Torati na palepale wanaanza Mwanzo upya. Sehemu ya wiki ndo inaitwa parasha. Shneur Zalman wa Liadi, mwanzilishi wa Chabad, kundi mojawapo la Kihasidi (1745–1812), inasimuliwa aliwaambia watu wake waishi na wakati, maana yake waishi na parasha ya wiki ile. Na hapo ndo huyu rabi ananimaliza, hakusimulii tu yaliyotokea jangwani, anakubana mpaka useme wewe wiki hii uko upande gani.

Mfano Beshalach, parasha ya kwenye Kutoka. Waisraeli mbele bahari nyuma Farao, midrashi (mafafanuzi ya kale ya marabi juu ya Biblia) inasema waligawanyika makundi manne, hawa turuke majini, hawa turudi Misri, hawa tupigane, hawa tuombe. Mi mlokole bana, nikajua la maombi ndo limeshinda 😅 weee, Mungu anamwambia Musa "Mbona unanililia mimi? waambie wana wa Israeli waendelee mbele". Rebbe (yaani kiongozi) wa saba wa Chabad, Menachem Mendel Schneerson (1902–1994), aliyasoma makundi yale kama njia nne za kukwepa kazi uliyotumwa duniani: kujifungia na utakatifu wako, kumtumikia Mungu kinyongonyongo kama mtumwa, kugombana na kila mtu, au kumwachia yeye kila kitu we umekaa. Ile ya nne ilinikaa wiki nzima, kuna barua ya kazi nilikuwa naiombea tu bila kuituma.

Toldot, parasha ya kwenye Mwanzo, nayo nzuri sana, Isaka anafukua visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti, wanasema maji hayaletwi na mchimbaji, yapo chini tayari, kazi ni kutoa udongo, na ndivyo wanavyoiona nafsi ya mtu.

Sasa kasoro. Anaongea haraka balaa, anachanganya Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), anataja chesed na gevura kama vile sote tumezaliwa navyo, kumbe ni upole unaotoa na ukali unaozuia, sekunde kumi tu zingetosha kueleza. Kingine kinachonikera zaidi, kwenye Walawi, zile sura za ugonjwa wa ngozi, anarukia mambo ya nafsi kabla hajasema andiko lenyewe linasema nini, mtu mgeni anabaki anaelea. Ndo maana nasema soma sura zako kwanza.

Laivu ni Alhamisi saa mbili usiku kwao, huku Ijumaa saa tisa alfajiri, na wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi, kwahiyo labda uwe mlinzi. Mi nasubiri rekodi, tena ya sauti tu maana video inakula bando. Anza na Beshalach, Walawi iache mpaka umzoee.