Swichi ya sumaku iliyoniharibia kipima mwendo cha baiskeli

Nimejitengenezea kipima mwendo cha baiskeli yangu ya inchi 26, na kwa wiki kadhaa kazi yote ilikwama kwa sababu ya kihisi cha gurudumu nilichonunua katika duka moja la vipuri vya elektroniki huku Ngamiani, Tanga. Ni ile swichi ya sumaku, yaani mrija mwembamba wa kioo wenye ndimi mbili za chuma zinazogusana kila mara sumaku iliyofungwa kwenye spoki inapopita karibu nayo.

Nilimwomba muuzaji aipime kwa mita ya umeme kabla sijalipa. Badala yake alichukua koleo, akaikunja miguu ya swichi, yaani waya zinazotoka kwenye ncha zake, pale pale inapoingia kwenye kioo, akasema, "Mdogo wangu, hiki si kitu cha kupimwa, wewe kafunge tu." Muuzaji wa vitu hivi anapaswa kujua kwamba mguu hukunjwa mbali na kioo, tena ukiwa umeshikwa kati ya kioo na mkunjo ili nguvu ya mkunjo isifike kwenye mrija. Siku ya kwanza, katika njia ya vumbi upande wa Pongwe, skrini iliniandikia kilomita 94 kwa saa, nami nilikuwa nikiendesha kwa mwendo wa kwenda sokoni. Nilipoirudisha, alisema nimeunganisha waya vibaya, kisha akageukia mteja mwingine kabla sijamaliza kueleza.

Kwa haki, ile 94 haikuwa kosa lake. Ndimi zile hudunda zinapogusana, kwa hiyo sumaku ikipita mara moja huhesabiwa mara kadhaa. Gurudumu langu likizunguka mara moja husogea kama mita 2.07, na hata kwa kilomita 60 kwa saa mzunguko huo huchukua zaidi ya milisekunde 120. Basi nikaandika programu ipuuze mpigo wowote unaofuata ndani ya milisekunde 50. Namba zikatulia, nikaanza kuisifu swichi kwa kuwa yenyewe haili betri. Haikupita muda, kioo kikapasuka pale pale alipokunja. Hapo hasira zilinipanda kuliko mwanzo.

Sasa natumia kihisi cha Hall, yaani kipande cha elektroniki kinachotambua sumaku, ambacho ndani hakina kinachogusana wala cha kupasuka. Dada aliyeniuzia katika duka jingine alinieleza bila kuulizwa kwamba kinataka rezista (kipande kinachozuia umeme usipite mwingi) kati ya waya wa ishara na chanya, na kwamba aina ile huitikia ncha moja tu ya sumaku. Laiti nisingeambiwa, ningekitupa nikidhani kimekufa. Hata hivyo, hula umeme muda wote, na betri yangu ni ndogo. Nilikusudia kuwaambia wenzangu wasiinunue kabisa ile ya kioo, lakini siwezi kusema hivyo: kwa betri ndogo bado ndiyo ningeichagua, ila miguu yake nikunje mwenyewe, na duka lile sitalikanyaga tena.