Tuisheni ya kemia ya likizo Mwanga, Kigoma: uzoefu wangu kwenye asidi na besi

Kama unasoma PCB au PCM (tahasusi za sayansi za kidato cha tano na sita zenye kemia) na likizo unaimalizia Kigoma, tuisheni ya kemia ya jioni pale Mwanga inastahili hela yake. Nimelipa elfu thelathini kwa likizo nzima, na mada ya asidi na besi peke yake imenirudishia.

Shuleni tulizikariri fasili: Arrhenius, kisha Brønsted na Lowry mwaka 1923, na Lewis mwaka huohuo. Huku mwalimu haanzi na fasili. Anaandika mlinganyo ubaoni na kuuliza, "Nani katoa protoni, nani kapokea?" Protoni hapa ni ayoni ya haidrojeni: anayeitoa ni asidi, anayeipokea ni besi. Anauliza hivyo kila mara, mpaka unaona mwenyewe kwamba hakuna asidi bila mpokeaji. Maji yakikutana na haidrojeni kloraidi yanapokea. Yakikutana na amonia, yaleyale yanatoa.

Jioni iliyonifaa kuliko zote ni ile ya kutenganisha ukali wa asidi na ukolezo wake. Asidi haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ina pH 1; pH ni kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Asidi ethanoiki, ile ya kwenye siki, ikiwa nayo ni 0.1 M, ina pH karibu 2.9, kwa kuwa katika kila molekuli mia ni moja hivi tu iliyoachia protoni. Akauliza: mililita 25 za kila moja zitamaliza sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M kiasi gani? Darasa likagawanyika. "Mwalimu, hiyo kali si ndiyo itataka nyingi?" "Hesabu moli, mwanangu." Zote zinataka mililita 25. Haidroksaidi inapochukua protoni chache zilizopo, molekuli nyingine zinaachia za kwao, hadi asidi yote iishe. Ila kwa ethanoiki, pale asidi inapoisha panaangukia juu ya pH 7, maana ayoni ya ethanoeti iliyobaki ni besi. Ndiyo sababu kiashiria unachotumia ni fenolftaleni, inayobadili rangi juu ya pH 7, na si methili oranji, inayobadili chini yake. Swali la aina hii kwenye mtihani wa vitendo sasa sitalibahatisha.

Siku nyingine alikuja na chupa ya maji ya ziwa kutoka Katonga. Karatasi ya pH ikaonyesha karibu 9. Mimi nimekulia kando ya Tanganyika, naoga humo tangu utoto, na sikuwahi kufikiri kwamba maji yake ni ya besi. Yamejaa bikaboneti. Nani katoa, nani kapokea? Bikaboneti inapokea protoni kutoka kwa maji, haidroksaidi inabaki. Na ayoni hiyohiyo ikikutana na besi kali inatoa ya kwake. Nilifurahi kweli.

Kasoro zipo. Bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika tone kwa tone, ni moja na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo wengi wanaishia kutazama. Bufa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike sana, ilipitishwa haraka mno; nilichobaki nacho ni kwamba ukimimina besi hadi nusu ya asidi iishe (nusu ya titresheni), pH inalingana na pKa, namba inayoonyesha ukali wa asidi, kwa ethanoiki takriban 4.8. Mengine nimeyasoma nyumbani. Halafu kipindi kinapitiliza muda, na dada zetu wa Ujiji wanaanza kutafuta bodaboda giza limeshaingia. Hilo mwalimu alirekebishe.

Ukijiandikisha, wahi viti vya mbele karibu na bureti, na uje na kikokotoo chenye logi.