Kuitia baiskeli mota Uganda: ununue nini, na kipi kitangulie

Wengi wanaotaka kuitia baiskeli mota huanza kwa kuuliza bei ya mota. Mimi huwauliza kwanza: unapanda kilima gani, na unabeba nini? Anayezunguka Soroti au Lira, kwenye barabara tambarare, na anayeshusha na kupandisha matoke upande wa Kapchorwa hawafai kununua mashine moja, hata kama fedha zao ni sawa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 120. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani barabara inayopanda mita 8 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 15 kwa saa unahitaji wati karibu 400, na hapo hatujahesabu tope wala upepo. Ongeza mkungu na jerikeni mpaka ufike kilo 180, na wati zizo hizo zitakupandisha kwa kilomita 10 tu kwa saa. Kwa sababu hiyo mota ya wati 250 simshauri mtu wa Kampala ainunue. Kwenye tambarare inatosha kabisa. Kwenye kupanda kilima cha Muyenga na abiria nyuma, itavuta umeme mwingi bila kuzunguka vya kutosha, na joto litaunguza waya zake za ndani.

Kabla ya mota, tazama fremu na breki. Baiskeli nyeusi za Kihindi tulizozizoea, zenye magurudumu ya inchi 28, ni imara kwa mzigo, lakini breki zake za fito hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Kwa mwendo wa miguu mtu huvumilia. Kwa kilomita 35 kwa saa, mvua ya Aprili ikinyesha, hutaweza kusimama kwa wakati. Nafasi kati ya masikio ya nyuma, pale ekseli inapokaa, mara nyingi pia ni nyembamba kuliko milimita 135 ambazo mota nyingi za nyuma hutaka. Kwa hiyo ushauri wangu ni kununua baiskeli ya mlimani iliyotumika, ya inchi 26, fremu ya chuma na wala si alumini, yenye breki za diski au zile za mikono miwili zinazobana rimu ya alumini. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa Katwe, Kampala, au mchomeaji yeyote wa mjini kwako ataiunga. Ya alumini wachache wanaiweza.

Nafasi ya kwanza: mota ya habu ya nyuma, volti 48, wati 500 hadi 1000

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu. Mota inakuja imeshafungwa ndani ya gurudumu. Unatoa gurudumu lako la nyuma, unaweka hili, unaunganisha kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), mkono wa gesi na betri. Fundi wa baiskeli aliyezoea kazi humaliza ndani ya siku. Zipo za aina mbili. Yenye gia ndani ni nyepesi, inavuta vizuri kutoka kusimama, na betri ikiisha unapiga pedali bila kukokota kitu. Isiyo na gia ni nzito, lakini ndani yake hakuna meno ya kusagika, inavumilia joto zaidi, na baadhi yake hurudisha umeme kidogo kwenye betri ukiteremka. Kwa mtu wa mizigo kwenye tambarare nampa ya pili. Kwa anayesimama na kuondoka kila mara mjini, ya kwanza.

Usiondoke dukani bila kile chuma kinachozuia ekseli isizunguke. Mota ikivuta, ekseli nayo inasukuma kwenda kinyume, na ikitoka masikioni inakata waya na kulitupa gurudumu. Ni kipande kidogo, hata Katwe watakutengenezea, na baadhi ya seti huja bila hicho.

Sasa betri, ambayo ndiyo inayokula fedha. Wauzaji wa Uchina huuza seti ya habu bila betri kwa takriban dola 150 hadi 250. Betri nzuri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 13 (Ah) inaweza kufika dola 250 hadi 400 peke yake. Juu ya hapo weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Betri ya lithiamu ni bidhaa ya hatari kwa ndege, kwa hiyo kuiagiza peke yako ni usumbufu. Afadhali uinunue kwa muuzaji aliyeko nchini ambaye unaweza kumrudia. Pikipiki za umeme zimeenea Kampala, na zimezaa mafundi wanaojua kupima seli moja moja. Mtafute mmoja kabla hujalipa.

Kupima si kazi ngumu. Betri ya volti 48 yenye safu 13 za seli ikijaa husoma volti 54.6 kwenye mita. Ikijaa na kusoma 52, huenda kuna seli iliyochoka. Iendeshe mlimani huku ukitazama mita: volti zikiporomoka kwa kishindo na mota kuzima, seli ni mbovu au zimechanganywa za zamani na mpya. Kama utaipata ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, yenye safu 16, hiyo huchajiwa mpaka 58.4, kisha ikipumzika volti hushuka. Ni nzito zaidi ila inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi, nami naipenda kwa kazi ya kila siku.

Betri za asidi, zile nne za volti 12, ni rahisi dukani na zipo kila mji. Zina uzito wa kilo 16 na zaidi, hazipendi kumalizwa, na kwa kazi ya kila siku hufa mapema. Zichukue kama za muda tu, wakati unakusanya fedha za lithiamu.

Gharama ya kuendesha ndiyo inayonifanya niiweke hii juu. Betri niliyoitaja ina karibu wati-saa 620; ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, ni kama robo tatu ya yuniti moja. Tukichukua yuniti kwa shilingi 800, unaijaza kwa shilingi 600, na ukisaidia kwa pedali unapata kilomita 40 au zaidi. Lita ya petroli tukiihesabu kwa 5,000 inakupa umbali kama huo kwenye pikipiki. Kwa mtu anayeenda kazini kila siku, tofauti hiyo ni ada ya shule.

Nafasi ya pili: mota ya katikati

Hii hukaa pale pedali zilipo na kuvuta mnyororo uleule wa baiskeli, kwa hiyo inatumia gia zako. Kwa mtu wa Kabale au wa miteremko ya Elgon hii ndiyo ya kwanza, bila ubishi: ukishuka gia ndogo, wati 750 zinapanda kilima ambacho mota ya habu ingekufa njiani. Bafang BBS02 ndiyo inayojulikana zaidi. Tongsheng TSDZ2 ni nyepesi na inasikia nguvu ya mguu wako, ukikanyaga sana nayo inasaidia sana.

Naiweka ya pili kwa ajili ya bei yake na mnyororo. Mnyororo mwembamba wa gia nyingi, vumbi la murram na nguvu ya mota vikikutana, unakwisha upesi pamoja na gia zake za nyuma, na spea nzuri si kila mji zipo. Pima pia bomba la chini la pedali. Seti nyingi hutaka upana wa milimita 68 hadi 73. Baiskeli ya gia moja haina sababu ya kuwekewa mota hii.

Nafasi ya tatu na ya nne: injini za petroli

Kijiji kisicho na umeme wala sola ya kutosha kina haki ya kutumia petroli. Hapo chagua injini ya mizunguko minne ya sisi (cc) 49. Haihitaji kuchanganywa oili na petroli, ina kelele kidogo, na fundi wa jenereta yoyote ataielewa. Ubaya wake ni upana: mara nyingi lazima ununue pia mikono mirefu ya pedali ili miguu isigonge.

Ile ya mizunguko miwili, ya sisi 48 au inayoitwa 80 ambayo kwa kweli ni 66, ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowavutia vijana. Inahitaji oili ya 2T ndani ya petroli: mililita 50 kwa lita moja wakati injini ni mpya, baadaye 40. Inatetemeka kiasi cha kulegeza kila nati, basi nunua gundi ya nati na uzikaze upya kila wiki. Gia yake kubwa ya nyuma hufungwa kwenye spoku kwa boliti tisa, na imepangwa kwa gurudumu la spoku 36. Magurudumu ya nyuma ya baiskeli nyingi za Kihindi yana spoku 40, kwa hiyo hesabu kwanza. Hatari kubwa zaidi ni ile roda ya kukazia mnyororo: ikilegea, inageuka na kuingia kwenye spoku, na gurudumu linajifunga ghafla. Mwambie mchomeaji aiunge kwenye fremu, isitegemee boliti peke yake.

Kwa injini yoyote ya petroli, pita kwanza kwa polisi wa trafiki wa wilaya yako uulize habari za usajili na leseni. Utakamatwa barabarani kama mwenye pikipiki, na fundi aliyekufungia hatakuwepo.

Zile injini na mota zinazosugua tairi kwa roda sizipangi: mvua ikinyesha zinateleza, na tairi inaliwa. Mota ya gurudumu la mbele nayo ni ya tambarare tu na ya uma wa chuma. Usiifunge kwenye uma wa alumini.

Ukifika dukani, anza na breki na helmeti, kisha betri, kisha mota, fedha zikibaki taa. Mwambie muuzaji aiunganishe mota mbele yako, gurudumu likiwa juu, aizungushe kwa dakika kumi, kisha weka mkono kwenye kontrola na kwenye kila kiungo cha waya. Kiungo kinachochoma mkono bila mzigo wowote, mkatalie. Mwulize pia chaja hiyo imeandikwa volti ngapi za kutoka, na ulinganishe na betri kabla ya kuhesabu noti. Nyumbani, ichaji uani au barazani juu ya saruji, mbali na godoro na jerikeni ya petroli, wakati kuna mtu macho.