Maisara mpaka Forodhani kwa miguu kupitia bustani za mjini Unguja: uzoefu wangu

Nianze na lile watu wanalouliza mwanzo: hulipi kitu. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna kampuni, ni njia tu tuliyoiunga wenyewe mie na dada yangu mkubwa, unatoka viwanja vya Maisara, unapita Mnazi Mmoja, unaingia Jamhuri Gadeni, unakata Vuga unatokea Victoria Gadeni, halafu Shangani mpaka Forodhani, na kama bado unajiweza unamalizia Mtini pale Mizingani. Kwa kukisia ni kama kilomita tatu na kuzungukazunguka kwote. Tushaitembea mno, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyepita mara moja akapiga picha akenda zake.

Ilivyokuwa, dada ana sukari, kliniki wakamwambia atembee. Sasa mtu wa mjini akiambiwa atembee anakwenda Maisara anazunguka kiwanja mpaka anawajua wenziwe wote kwa viatu vyao. Yeye alichoka mapema tu, akanambia, "Mdogo wangu, mie si ngamia wa kinu, nataka nikitembea nifike mahala." Ndio tukaanza kutafuta bustani zilizo karibukaribu tukaziunganisha.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, anzia Maisara umalizie Forodhani, usigeuze. Wengi wanaanzia Forodhani kwa sababu ndiko wanakokujua, wanakuta moshi wa mishikaki ushaanza, wanakaa, matembezi yameishia hapo. Toka Maisara baada ya sala ya alasiri, jua limeshalegea, bahari iko mkono wako wa kushoto, na wakati wa kusi upepo ule unakusukuma wenyewe. Mnazi Mmoja ndipo penye jua, hapana kivuli cha maana pale katikati, pitisha haraka. Watoto wanacheza mpira kila upande na kila timu ina refa anayepigiwa kelele. Zamani huko nyuma ulikuwa mkono wa bahari unaoingia mpaka Darajani, Mji Mkongwe ukawa karibu kisiwa, ukafukiwa kidogokidogo enzi za Muingereza, lakini siku za bamvua maji bado yanapanda unayakuta yametuama kwenye majani, kwa hivyo malapa acha nyumbani vaa raba.

Kabla hujavuka pale kwenye Beit el Amani simama kidogo ulitazame lile kuba. Makumbusho hayo yalifunguliwa 1925, aliyeyachora ni John Sinclair, na Mahkama Kuu ya Vuga utakayoipita mbele ni kazi yake pia, ukishajua hilo unaanza kumuona bwana huyu kila kona ya mji. Kuvuka barabara hapo ndipo panaponikera kuliko pote, gari zinatoka huku na vespa zinatoka kule na hakuna anayekusimamia, dada ananyoosha mkono juu kama anasimamisha darasa na wallahi wanasimama, mie nikinyoosha hawasimami.

Jamhuri Gadeni jioni imejaa watu, wanafunzi na madaftari, kina mama na watoto, wazee wanabishana siasa. Hapo tunapumzika tunanunua karanga. Muuza karanga mmoja anafungia kwenye karatasi za madaftari ya zamani, dada kasomesha skuli miaka na miaka, siku moja kamaliza karanga akakikunjua kile kikaratasi akakuta hesabu ya sehemu imekosewa na mwalimu katia vema. Basi! Akatafuta kalamu kwenye mkoba, akaomba kwa wale wanafunzi, akaisahihisha pale pale juu ya goti, akamrudishia muuza karanga. Yule kijana akakipokea kwa mikono miwili, "Ahsante mwalimu," akamfungia mwengine karanga kwenye kikaratasi hicho hicho.

Victoria Gadeni kwangu mie ndio bora kuliko zote na ndio isiyo na watu. Miti mikubwa, kivuli cha kweli, kelele za barabara zinabaki nje. Bustani hii waliachiwa raia enzi za Sultan Hamoud, na kabla ya hapo palikuwa pa watu wa ndani wa Sultan Barghash, yaani wake na masuria wake, lile jengo lililomo humo limekaa juu ya mahamamu yao, halafu Baraza la Kutunga Sheria likawa linakutana humo mpaka kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mie nilipita nje ya ukuta ule utoto wangu wote nikenda skuli na sikuwahi kuingia, nilidhani ni mahala pa wakubwa. Ingia tu. Ukitoka hapo uko karibu na Ikulu, simu weka mfukoni, usipige picha.

Kuanzia hapo mpaka Forodhani si bustani tena, ni maduka ya vinyago na watalii, unapita Shangani ukiangalia vespa zisikukanyage maana njia ya miguu inaanza na kukatika, inaanza na kukatika. Halafu unapita chini ya lile jengo la mayatima, kiza na baridi dakika moja, ukitoka upande wa pili bahari yote iko mbele yako. Hapa hata dada hunyamaza kidogo.

Forodhani ilifunguliwa 1936 kwa ajili ya jubilei ya Sultan Khalifa, na ile unayoiona sasa na majani yake na mabenchi yake ilitengenezwa upya na watu wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009. Kaa ukutani uangalie vijana wa makachu wanavyojitupa baharini, mmoja anapinduka mara mbili hewani, mwengine anaruka na viatu, watalii wanapiga makofi, na mama za vijana hao wangewaona sijui ingekuwaje. Nyuma yako ndio Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lile lililoporomoka upande tarehe 25 Disemba 2020. Kwa chakula, uliza bei kabla hujaonja, na samaki chagua anayechomwa mbele yako, si aliyepangwa tangu jana. Urojo ndio wangu. Kijana wa miwa alimwita dada, "Mama njoo nikukamulie, natia ndimu na tangawizi," dada akamjibu, "Mwanangu, hospitali ya Mnazi Mmoja nshaipita kwa miguu yangu, unataka nirudishwe kwa machela?"

Kasoro zipo. Choo kwenye bustani moja, siitaji, kila tukienda kina kufuli na mwenye ufunguo "katoka sasa hivi". Mabenchi mengine yamebaki vyuma. Hakuna kibao hata kimoja kinachomuonesha mgeni kwamba bustani hii inafuatiwa na ile, na taa baina yao ni haba, mwanamke peke yake baada ya magharibi simshauri, awe na mwenziwe. Kigari cha mtoto mchanga utakibeba zaidi ya kukisukuma. Kwa haya nawapa nyota nne, ya tano nitaitoa siku watakapotuwekea mistari ya pundamilia ya kuvukia pale Beit el Amani na gari zikaiheshimu.

Masika sahau, njia inateleza. Na Ramadhani tunageuza saa, tunatoka baada ya tarawehe, bustani za katikati tunaziruka kwa sababu ya kiza, tunakwenda Maisara na Mnazi Mmoja tu na huko mpaka usiku mwingi kuna watu tele.