Duka la samaki wa bwawani mjini Malindi: chakula hai nanunua, mimea naiacha

Duka ninalolizungumzia liko upande wa barabara iendayo Ganda, na huuza vifaranga vya perege na kambare, samaki wa mapambo, mimea ya majini, mapipa, pampu za hewa pamoja na chakula hai cha vifaranga. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nina mengi ya kulisifu na machache mazito ya kulilaumu, na nisingependa mtu asome lawama akaacha sifa. Wateja wake ni wa namna mbili: wenye hoteli na nyumba za wageni wanaotaka vidimbwi vya maua uani, na sisi wafugaji wa samaki wa Ganda, Kakuyuni na Jilore, ambao mabwawa yetu hayako mbali na Mto Sabaki. Tofauti hiyo ya wateja ina uzito kuliko inavyoonekana, kwani kinachouzwa bila madhara kwa mwenye kidimbwi cha saruji kinaweza kuwa balaa kwa mwenye bwawa la udongo linalofikiwa na mafuriko.

Sifa ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo sababu ya kurudi pale, ni chakula hai. Kifaranga wa kambare akishamaliza kiini cha yai lake, siku tatu hivi baada ya kuanguliwa, huhitaji kitu kidogo kinachotikisika mbele ya mdomo wake. Ukimpa unga, mwingi huzama, huoza na kuchafua maji kabla hajajifunza kuula. Wengi hutumia Artemia ya makopo, ambayo ni ghali na ni kiumbe wa maji ya chumvi, kiasi kwamba ukimtia kwenye maji baridi hufa baada ya saa chache. (Artemia huyo huyo ni mgeni hapa kwetu: alipandwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni katika miaka ya 1980, na akazoea.) Duka hili limechagua njia nyingine, nayo ni kufuga Moina, kiroboto wa maji mwenye urefu wa milimita moja hivi, ambaye ni wa maji baridi tangu asili, haumwi na maji ya bwawa, na huendelea kuishi na kuzaa mpaka aliwe.

Moina wanafugwa kwenye mapipa meusi nyuma ya duka kwa maji ya kijani na hamira kidogo. Muuzaji huteka kwa bilauri ya kioo na kuielekeza dirishani ili mnunuzi aone mwenyewe anachonunua, jambo ambalo sijaliona kwingine. Kwenye mwanga ule viroboto hupanda kwa kurukaruka kisha huzama kidogo na kupanda tena, ilhali kopepodi, ambao ni kundi jingine la zooplanktoni (viumbe wadogo mno wanaoelea majini), huchomoka ghafla kwa mstari ulionyooka na kusimama. Kutambua mienendo hiyo miwili kuna faida ya fedha, kwa maana baadhi ya kopepodi wa jamii ya saiklopu hushambulia vifaranga waliotoka tu kuanguliwa. Kijana wa pale analijua hilo bila kuambiwa, na huchuja maji kwa kile kitambaa cha skrini kinachotumiwa na wachapaji wa fulana, kipande cha matundu makubwa kwanza, kisha cha matundu madogo.

Ushauri wao pia ni mzuri, ila una upungufu mmoja. Hukufundisha kupima chakula asilia cha bwawa kwa kuzamisha mkono taratibu: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani na zooplanktoni wapo wa kutosha, kikiendelea kuonekana, bwawa linataka samadi ya kuku. Kipimo hiki ni cha kuaminika penye maji ya kisima. Kwa anayejaza bwawa kwa maji ya Sabaki, yenye tope jekundu la kutoka bara, kiganja hupotea kwa sababu ya udongo na samaki hubaki na njaa, kwa hiyo aangalie rangi: kijani ni chakula, wekundu ni tope.

Sasa nije kwenye mimea. Karibu na mlango kuna mabeseni ya gugu maji lenye maua ya zambarau, na pembeni yake salvinia, ile mimea midogo yenye majani ya vinyweleo, na yote huuzwa kama maua. Nilipouliza, nilijibiwa kwa adabu, “Mama, haya yanasafisha maji, na wala hayana kazi.” Nikamuuliza, “Na yakijaa, mwanangu?” Akanijibu, “Yakijaa unayatoa tu, unayatupa mtoni.”

Jibu hilo peke yake limelipunguzia duka nusu ya alama nilizokusudia kulipa. Gugu maji ni mmea wa Amerika Kusini, na Ziwa Viktoria limehangaika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hata likaziba njia za mashua kwenye Ghuba ya Winam; salvinia nayo iliwahi kutanda Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1960. Wengi hulaumu gugu kwa kuziba njia, lakini kwa mfuga samaki hasara kubwa iko chini ya majani. Likitanda, mwanga haupenyi, mwani mdogo hufa, hewa ndani ya maji hupungua, na viroboto wa maji wanaoishi kwa kula mwani huo hutoweka, hivyo vifaranga hukosa chakula kwenye bwawa ambalo kwa macho linapendeza. Zaidi ya hayo, mizizi yake ni makao ya konokono, na pwani hii tuna konokono wa Bulinus wanaobeba kichocho. Beseni nililopekua lilikuwa na konokono wachanga kwenye mizizi, ingawa sikuweza kujua ni wa aina gani. Sabaki hauishii baharini tu, ambako chumvi ingelimaliza gugu: mto ukifurika huingia Ziwa Jilore na madimbwi ya pembeni, na huko hakuna chumvi ya kutusaidia.

Huduma ya kuazimisha wavu wa kukokota nayo naikataa kwa sababu hiyo hiyo ya kusambaza viumbe wageni. Wavu hutoka bwawa la huyu kwenda la yule ungali na tope, na wenye duka hudhani kuuanika juani kunatosha. Hakutoshi. Viroboto wa maji wakibanana au wakipungukiwa na chakula hutaga mayai ya kulala yenye ganda gumu, yanayostahimili ukavu kwa miaka na kuangua maji yakirudi. Kwa njia za namna hiyo wadudu hawa wamevuka mabara. Yuko Bythotrephes, kiroboto wa Ulaya na Asia mwenye mwiba mrefu mkiani, aliyeingia Maziwa Makuu ya Marekani katika miaka ya 1980 ndani ya maji ya kusawazishia meli, kisha akasambaa kwenye maziwa madogo kwa kamba za mishipi na ndoo za chambo. Hula viroboto wenzake, na samaki wadogo hushindwa kummeza. Yuko pia Daphnia lumholtzi, ambaye Afrika ni miongoni mwa kwao, na ambaye alionekana Texas mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inadhaniwa alisafiri na mbuta waliopelekwa huko kutoka Ziwa Viktoria. Kwetu ni chakula cha samaki, kwao ni mvamizi, na kilichombeba ni maji ambayo hakuna aliyeyatilia maanani.

Kwenye vifaranga, duka huandika “perege” na kuishia hapo. Perege wanaouza ni wa Nile, Oreochromis niloticus, ambaye hukua haraka, lakini si wa mito yetu. Wa kwetu ni Oreochromis spilurus, ambaye hata wageni humwita perege wa Sabaki. Perege wa Nile anajulikana kwa kupandana na jamaa zake na kuwameza kizazi kwa kizazi, kwa hiyo mwenye bwawa lililo mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko anaweza kumfuga, na aliye bondeni asimfuge hata kwa bei ya kutupa. Gapi wa kula viluwiluwi vya mbu hawana neno ndani ya tangi, ila wasipelekwe kwenye madimbwi ya msimu ya kaskazini mwa Malindi, ambako huishi Nothobranchius jubbi, samaki mdogo wa rangi ambaye mayai yake hungoja mvua ndani ya udongo mkavu, na ambaye hutegemea zooplanktoni wale wale.

Mengine ni ya kuridhisha: mifuko hujazwa oksijeni vizuri, malipo kwa M-Pesa yanakubaliwa, na Ijumaa hufungwa mchana kwa sala. Nimemwambia mwenye duka aondoe gugu na salvinia, na awe na chombo cha maji ya moto cha kuchovya wavu kabla haujatoka. La wavu amelikubali, la gugu amesema wenye hoteli wanaliulizia. Kwa sasa anayekwenda na achukue Moina, aende asubuhi kabla mapipa hayajapata joto, awachuje nyumbani kwa kitambaa, na yale maji ya mfukoni ayamwage kwenye udongo mkavu mbali na bwawa na mtaro.